Karura kwa Miguu: Vidokezo 6 kwa Wakazi wa Kibera na Kawangware

Jumamosi imefika, watoto wanataka kutoka, na mfuko hautaki kusikia. Usijali! Msitu wa Karura, takriban hekta 1,000, uko Nairobi hii hii, na njia zake zinazunguka mpaka zikurudishe getini.

1. Mkumbushe makanga
Toka Kawangware kwa 46 au Kibera kwa 8 hadi mjini, kisha tafuta gari la Ruaka au Banana linalopita Limuru Road. Sema, "Nishushe geti la Karura," na umkumbushe tena mkifika Muthaiga. Muziki ukipanda, nani atakukumbuka?

2. Simu iwe na chaji
Getini hulipa kwa simu, si kwa noti. Beba kitambulisho pia, maana Mkenya hulipa kidogo kuliko mgeni.

3. Fuata nambari
Njia panda zina vigingi vyenye nambari. Piga picha ya ramani kabla ya kuanza, basi hutapotea hata ukijitahidi. Chagua mzunguko unaopitia maporomoko, yenye kimo cha mita 15 hivi, na mapango ambamo wapiganaji wa Mau Mau walijificha. Baada ya mvua njia huko huteleza; sandali za kwenda sokoni ziache nyumbani.

4. Ngome hakuna, tanuri lipo
Ulaya watu hutembea msituni hadi kwenye magofu ya ngome za wafalme. Sisi tuna bomba la moshi la tanuri kuukuu ambamo Benki Kuu ilikuwa ikichoma noti zilizochakaa. Hebu fikiria, pesa zote hizo zimegeuka moshi, na kodi ya nyumba bado inadaiwa! Ukitaka magofu ya kale hasa, weka akiba uende Gede karibu na Watamu: mji wa mawe ndani ya msitu, ulioingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2024.

5. Ficha chapati
Kima wana macho makali na hawana haya. Usiwalishe. Maji yatie kwenye chupa ya kudumu, kwani plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku misituni tangu Juni 5, 2020.

6. Hadithi ya kurudi nayo
Miguu ya watoto ikianza kulalamika, wasimulie kuhusu Wangari Maathai. Januari 8, 1999 alifika hapa na wenzake kupanda miti, kupinga ardhi ya msitu kugawiwa wajenzi. Walipigwa, naye akajeruhiwa kichwani. Hakunyamaza, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Anzeni kusimulia mkiwa mbali kidogo na geti, watoto wakisikiliza hawaulizi "bado?" kila hatua.