Dondoo muhimu: Kununua gari la mbio lililotumika
Mazda MX-5 ya miaka ya 1990 ni kipenzi cha madereva wa mbio wa ridhaa Marekani na Uingereza, lakini wanunuzi wapya wengi hukagua rangi na kusahau chesi.

1. Soma kwanza kanuni za daraja la mbio unalotaka kushiriki.
2. Dai daftari la gari lenye kumbukumbu za ukaguzi na ajali.
3. Chunguza fremu ya kumkinga dereva: nyufa mahali ilipochomelewa, kutu kwenye miguu yake.
4. Angalia tarehe kwenye mikanda ya usalama. Yenye kiwango cha FIA (Shirikisho la Kimataifa la Magari) huisha muda wake baada ya miaka 5, hata isipotumika.
5. Pima kompresheni ya silinda zote 4.
6. Usimalize pesa: tenga za matairi na breki.