MIMI NA WEWE KATIKA TAARABU: Majigambo ya Mwimbaji na Wenzake

Muhula uliopita tulisoma majigambo katika Fasihi Simulizi. Tuliandika madaftarini kwamba jigambo ni utungo wa kujisifu, kwamba anayejigamba ndiye mtunzi, kwamba hutumia nafsi ya kwanza na chuku nyingi, na kwamba zamani lilitolewa na mashujaa waliotoka vitani au windoni. Tukapiga mstari tukafunga daftari. Lakini kengele ilipolia tuliendelea kubishana nje chini ya mwembe, kwa sababu mwenzetu mmoja aliuliza jambo ambalo halimo kitabuni. Je, waimbaji wetu wa taarabu wanaoitwa malkia, na wao si wanajigamba? Na kama wanajigamba, mbona lazima awepo mwenzao wa kusemwa?

Mimi naona jibu liko katika viwakilishi. Nijitungie mfano. Mtu akisema, "Mie ndimi mwenye jahazi," hilo ni jigambo. Akiongeza, "na wewe mtumbwi wako wavuja," hapo tayari ni mpasho. Shujaa wa jigambo alipigana na simba, njaa au jeshi la maadui, na alipofika nyumbani wenzake walimshangilia. Mwimbaji wa mipasho hana simba. Simba wake ni mwimbaji mwenzake. Bila yule "wewe" asiyetajwa jina, "mimi" wake hana pa kusimama. Sasa fikiria mtu anayeimba hivyo kila wikendi, miaka kumi. Kila akimtazama mwenzake atauona ule mtumbwi unaovuja tu, hata kama mwenzake ana sauti ya kumtoa nyoka pangoni.

Tuanze na mkubwa wao, Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880, akapewa jina la Mtumwa. Aliuza vyungu kabla ya kuhamia mjini mwaka 1911. Huko mjini Ali Muhsin wa Nadi Ikhwan Safaa alimfundisha kuimba. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay, Bara Hindi, kutia sauti yake kwenye santuri, na santuri hizo zilisikika pwani yote. Habari zake tunazipata katika kitabu cha Shaaban Robert, Wasifu wa Siti binti Saad, ambacho wanachama wote wa chama chetu wanafaa wakisome. (Nakala ya maktaba yetu imepoteza jalada, lakini kurasa zimo.)

Siti alipoanza kupanda, wako waliomtungia wimbo wa kumcheka. Walimsema kwa kutoka shamba, walimsema kwa nguo aliyokuja nayo mjini, na wakasema kama si sauti yake angekula nini. Hebu tazama hapo! Walitaka kumshusha, wakajikuta wamemtolea ushahidi. Mtu anayejiona yeye tu ndiye mwimbaji hawezi kusema moja kwa moja kwamba mwenzake anaimba vizuri, lakini wivu wenyewe ukasema. Leo Siti anajulikana hadi kwa watoto wa shule za Kwale. Waliomtungia wimbo ule, ni nani anayewataja?

La kujifunza zaidi liko katika jibu lake. Siti alijibu kwamba uzuri wa sura na ukubwa wa nasaba si hoja, hasara ya mtu ni kukosa akili. Msomaji mwenzangu, angalia nafsi aliyoitumia. Hakuwarudishia kwa kusema mimi bora kuliko ninyi. Alisema "mtu", nafsi ya tatu, mtu yeyote. Hata asiyejua chanzo cha ugomvi ule anaweza kuuimba wimbo huo jikoni kwake. Tena Siti hakuwa peke yake. Alikuwa na Subeti bin Ambari, Maalim Shaaban, Mbaruk Talsam na Buda bin Mwendo, wapigaji na waimbaji mahiri. Sisi tunaosoma ndio tunaomfanya aonekane kama nyota aliye peke yake mbinguni.

Sasa tuje karibu kidogo, miaka ya 1990, zama ambazo wazazi wetu walikuwa vijana na kaseti zilivuka Lunga Lunga zikauzwa hadi Ukunda. Dar es Salaam kulikuwa na vikundi viwili vilivyokuwa kama paka na panya. Kimoja ni Tanzania One Theatre, kwa kifupi TOT, kilichoongozwa na Kapteni John Komba na kilichoshikamana na chama cha CCM. Cha pili ni Muungano Cultural Troupe cha Norbert Chenga. TOT ilikuwa na Khadija Kopa, aliyeanzia Unguja katika Culture Musical Club. Muungano ilikuwa na Nasma Khamis, aliyejulikana kama Nasma Kidogo. Huyu akitoa wimbo, yule anajibu. Mashabiki waligawanyika mithili ya mashabiki wa mpira, na Khadija Kopa akavikwa jina la Malkia wa Mipasho, jina analoitwa mpaka leo.

Wengi husema ati wale wawili walikuwa na majivuno tu. Mimi sijawahi kuketi na Bi Khadija Kopa wala Bi Nasma, kwa hivyo sina la kusema kuhusu tabia zao nyumbani. Namzungumzia yule "mimi" wa jukwaani. Na huyo "mimi" wa jukwaani, nikimchunguza, naona si mali ya mwimbaji peke yake. Kwanza, maneno ya taarabu mara nyingi hutungwa na mshairi mwingine. Hapo lile somo letu la kwamba anayejigamba ndiye mtunzi linakwama. Pili, kuna mwenye kikundi, na ugomvi unapokolea viingilio vinauzwa. Tatu, na hili ndilo nililoliona zaidi, kuna kutuza. Kila aliyehudhuria taarabu anajua: mama anainuka kitini, anakwenda mbele akicheza taratibu, noti iko mkononi. Haendi wakati wowote tu. Anangoja ule mshororo unaomgusa, halafu anaitoa noti huku macho yake yako kwa jirani aliyemkosea, au mke mwenza, au wifi. Kwa hivyo mwimbaji anaposema "mimi", huyo mama amelikodi neno lile kwa dakika moja. Likishalipiwa, mwimbaji atalirudia kesho, maana mcheza kwao hutunzwa.

Sasa hapo ndipo hatari ilipo. Mwimbaji anapotuzwa kila anapomsema mwenzake, atajua vipi kwamba maneno yale ni ya kukodishwa? Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Anaanza kuamini kwamba kweli yeye ni jahazi na wenzake wote ni mitumbwi. Mwenzake akitoa wimbo mzuri, yeye hauliza, "Umetungwaje?" Anauliza, "Amenisema wapi?"

Wala jambo hili si la Dar es Salaam tu. Mombasa miaka ya 1940 na 1950 vyama vya lelemama vya akina mama, kama Ibinaal Watan na Banu Saada, vilishindana vikali kwa nyimbo, mavazi na karamu. Lakini kule ushindani ulikuwa wa kundi na kundi. Mwanamke alijisifu kwa "sisi". Katika mstari wa lelemama wote wamevaa sare, na anayejitokeza kupita kiasi anaharibu mstari. "Sisi" naye ana ubaya wake, hilo sikatai, kwani mji mzima waweza kununiana. Angalau ndani ya kundi watu waliitikiana.

Kuitikia ndilo neno ninalotaka tulishike. Huku kwetu shangazi yangu aliimba katika kikundi cha kayamba, kijiji kimoja si mbali na Msambweni. Kayamba haina jukwaa wala kipaza sauti. Kuna anayeanzisha na kuna waitikiaji, basi. Kikundi chao kilikuwa na waanzishaji wawili hodari. Watu walipoanza kusema fulani ndiye mwenye sauti, fulani ni wa kujazia tu, mmoja akakataa kuitikia mwenziwe akianzisha. Naye mwenziwe akalipa kisasi. Ikawa harusini nusu ya mstari inaimba na nusu imefunga mdomo, kayamba zinatikiswa kama mvua inayotaka kunyesha ikaghairi. Mwishowe wakatawanyika. Mmoja wao ndiye pekee aliyejua vizuri wimbo wa kumtoa bi harusi nyumbani kwao, wenye beti nyingi za Kidigo. Mwaka jana binamu yangu aliolewa, akatolewa kwa spika na flashi. Nilimuuliza shangazi beti za wimbo ule zilikwendaje, akanipa tatu, akanyamaza, akasema zilizobaki anazo yule mwingine, na wao hawasemezani. Nimeziandika hizo tatu. Sijui kama nitazipata nyingine, maana yule bibi sasa ni mtu mzima sana, lakini likizo ya Agosti nitakwenda kumwamkia.

Kuna wanaosema msanii asiyejipenda hawezi kupanda jukwaani. Hilo nakubali nalo. Mtu mwenye haya ataimbia chooni. Isitoshe tuyatazame majina: Malika wa Mombasa, jina ambalo kwa Kiarabu ndilo malkia lenyewe, Isha Mashauzi, aliyetoka Jahazi Modern Taarab akaunda kikundi chake akakiita Mashauzi Classic. Mashauzi ni maringo, mwenyewe ameyakubali. Lakini wimbo mmoja uliomtangaza sana unamsifu mama mzazi. Kwa hivyo jina la maringo halimzuii mtu kumwona mwingine. Na Bi Kidude, yaani Fatma binti Baraka, jina lake la utani ni kitu kidogo kabisa, ilhali hakuna aliyekuwa na "mimi" mkubwa kama yeye. Alijua thamani yake, alivuta sigara mbele za watu bila kuomba ruhusa, na mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX kule Uingereza. Pamoja na hayo aliendelea kuziimba nyimbo za Siti binti Saad na kumtaja Siti kuwa ndiye aliyejifunza kwake, mpaka alipofariki tarehe 17 Aprili 2013. Hakuona kwamba akimtaja Siti yeye atapungua.

Siku hizi tuna Zuchu, binti wa Khadija Kopa mwenyewe. Mwaka 2020 alipojiunga na WCB Wasafi ya Diamond Platnumz, mkusanyiko wake wa kwanza wa nyimbo ulipewa jina la Kiingereza lenye maana ya "Mimi ni Zuchu". Tulicheka sana darasani: damu nzito kuliko maji! Lakini mwaka uo huo akamwalika mamake katika wimbo Mauzauza, na malkia wa mipasho akaimba kama mgeni katika wimbo wa mtoto. Sisemi ni jambo kubwa. Nasema sikilizeni.

Kwa wale watakaotahiniwa Fasihi Simulizi, jaribuni zoezi hili wenyewe. Chukua wimbo mmoja wa taarabu ambao unachezwa nyumbani kwenu au kwenye matatu ya Ukunda. Hesabu "mimi" ni ngapi na "wewe" ni wangapi. Uliza nani ametunga maneno, nani anaimba, na noti zinatolewa kwenye mshororo gani. Kisha nenda kwa bibi au shangazi yako, umwombe wimbo mmoja wa kayamba au wa chakacha, uandike jina la anayeanzisha na pia majina ya waitikiaji. Mlete daftari chamani. Walio na beti za kumtoa bi harusi, hasa za upande wa Msambweni, nawaomba wanione mimi kwanza.