Kamera ya Usiku Mwaloni: Tuchague Lenzi Gani?



Daraja la J.P. Magufuli lilifunguliwa tarehe 19 Juni 2025. Kutoka Kigongo, upande wa Misungwi, mpaka Busisi, upande wa Sengerema, ni kilometa 3 juu ya maji. Zamani tulisubiri kivuko. Sasa magari yanapita mchana na usiku. Mali inapita, wageni wanapita, na mwizi naye hana njia yake peke yake.

Kama una duka, stoo ya nyavu au mashine ya mtumbwi, huenda umefikiria kununua kamera ya ulinzi. Basi soma kwanza somo hili.

Tuchukue mfano. Wavuvi kumi wamechanga fedha. Wamenunua kamera moja ya kulinda mwalo. Usiku wa giza mashine inaibiwa. Asubuhi wote wanaizunguka simu kutazama picha. Wanaona mwalo mzima na mitumbwi yote. Lakini mwizi ni kivuli tu. Uso wake ni doa. Mmoja anasema, "Mwendo huo naufahamu, ni fulani." Wengine wanaitikia. Mwano unapigwa, na fimbo zinaokotwa.

Je, kama siye?

Kosa lilianza siku ya kununua. Walichagua lenzi isiyofaa.

1. LENZI NI NINI?

Lenzi ni kioo cha mbele cha kamera. Kazi yake ni kukusanya mwanga. Ni kama mboni ya jicho. Mtazame paka usiku: mboni yake imepanuka ili mwanga mwingi uingie. Kamera nayo inataka tundu pana usiku. Mchana kamera yoyote inaona vizuri. Giza ndilo linaloonyesha tofauti.

Kwenye lenzi au kwenye boksi lake kuna namba mbili. Zisome zote mbili.

2. NAMBA YA KWANZA: MILIMITA

Namba hii inakuambia lenzi inaona upana gani. Milimita chache, inaona eneo pana, lakini kila kitu kinakuwa kidogo. Milimita nyingi, inaona eneo jembamba, lakini kitu kinakuwa kikubwa.

Tufanye hesabu. Picha imejengwa kwa vitone. Kamera nyingi ndogo zina vitone 1,920 kwa upana. Mtu akisimama mita 10 kutoka kwenye kamera, mambo yanakuwa takriban hivi:

Lenzi ya milimita 2.8 inaona upana wa mita 20. Uso wa mtu unapata vitone 15.
Lenzi ya milimita 6 inaona upana wa mita 9. Uso unapata vitone 34.
Lenzi ya milimita 12 inaona upana wa mita 4 na nusu. Uso unapata vitone 68.

Kwa vitone 15 huwezi kumtambua hata ndugu yako. Wavuvi wetu walitaka kamera moja ione mwalo wote. Ikaona vyote, isitambue kitu. Ni afadhali lenzi ya milimita 6 au 12 itazame mlango wa stoo, au njia ambayo lazima mtu apite.

3. NAMBA YA PILI: F

Baada ya herufi F kuna namba, kwa mfano F1.2 au F2. Hapa wengi wanakosea. Namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Ukigawanya milimita za lenzi kwa namba hiyo, unapata upana wa tundu.

Lenzi ya milimita 6 yenye F2: 6 gawanya kwa 2 ni milimita 3.
Lenzi ya milimita 6 yenye F1.2: 6 gawanya kwa 1.2 ni milimita 5.

Sasa zidisha: 3 mara 3 ni 9. 5 mara 5 ni 25. Kwa hiyo lenzi ya pili inaingiza mwanga karibu mara tatu ya ile ya kwanza. Kwa kazi ya usiku, chagua F ndogo.

4. TAA NA USAFI

Kamera nyingi zina taa zake zenye mwanga ambao macho yetu hayauoni. Mwanga huo unatoa picha nyeusi na nyeupe. Lakini angalia sana! Nguo nyeusi inaweza kuonekana nyeupe. Kwa hiyo usimshike mtu kwa rangi ya shati. Ukihitaji rangi, weka taa ya kawaida karibu na mlango.

Tena, wadudu wa ziwani hufuata taa, na buibui huwafuata wadudu. Utando mmoja mbele ya lenzi hurudisha mwanga, na picha yote inakuwa ukungu. Futa kioo mara kwa mara kwa kitambaa laini. Taa ya kawaida isikae jirani na kamera. Wala usiipandishe kamera juu mno, utaona kofia tu. Mita 2 na nusu mpaka 3 zinatosha.

5. JARIBU KABLA YA KULIPA

Usikubali picha ya mchana dukani. Mwombe fundi aijaribu kamera usiku. Mwenzako apite mahali pa kulindwa, kwanza polepole, halafu mbio. Mtu anayekimbia gizani mara nyingi picha yake hufifia. Kisha mwonyeshe picha mtu ambaye hakuambiwa ni nani. Akimtaja sawasawa, kamera inafaa. Akibahatisha, bado.

Na ukishaibiwa, picha ipeleke polisi. Usiisambaze kwenye simu ukitaja jina la mtu. Katiba yetu, Ibara ya 13, inakataza mtuhumiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla haijathibitika. Mashine iliyoibiwa inaweza kununuliwa nyingine. Mtu aliyeuawa kwa ajili ya kivuli harudi.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Lenzi ya F1.6 na ya F2.4, ipi inafaa zaidi usiku? Kwa nini?
2. Kijijini kwenu, ni mahali gani pembamba ambapo lazima mwizi apite?
3. Picha haionyeshi uso, lakini watu wanamtaja mtu. Wewe ungesema nini?