MASHUA YA STANLEY NA MTUMBWI WA UGOMA

Wako wasomaji wetu wa Heru Juu waliopata kushuka hata Ujiji, wakavitazama vyombo vilivyofungwa ufukoni, wakajiuliza ni kipi kimfaacho mtu asiyezaliwa majini. Swali hilo ni la zamani. Leo twapenda kulichungua kwa vyombo viwili vilivyofanya safari moja, kwa upepo mmoja na mawimbi yale yale, hata vyaweza kupimwa kwa haki.

Tarehe 11 Juni 1876 Bwana Henry Stanley alitweka kutoka Ujiji ili azunguke Ziwa Tanganyika. Chombo chake cha kwanza kilikuwa mashua iliyoitwa Lady Alice. Cha pili kilikuwa mtumbwi ulioitwa Meofu, alioazimwa na Mwinyi Kheri, Liwali wa Ujiji.

Lady Alice iliundwa Teddington, karibu na London, na fundi James Messenger. Urefu wake ulikuwa futi 40, upana futi 6, na kina inchi 30. Mbao zake zilikuwa za mwerezi, nyepesi, na unene wake haukufika nusu inchi. (Jina lilikuwa la binti wa Marekani ambaye Stanley alitumaini kumwoa. Mashua ilidumu naye kuliko binti, maana yeye aliolewa na mtu mwingine mwaka ule ule wa 1876.) Ajabu ya mashua hiyo ni kwamba iligawanyika vipande vitano, kila kimoja futi 8, ili ichukuliwe na wapagazi katika nchi kavu, kisha iunganishwe tena ifikapo majini.

Lakini hesabu ya fundi aliye mbali na njia si hesabu ya mpagazi. Vipande vilipofika Unguja vilipimwa, na vinne vilikuwa na ratili 280 kila kimoja, na cha tano ratili 310. Ni nani awezaye kupita na mzigo wa namna hiyo katika njia ya mguu mmoja, kati ya miiba? Hapana budi vikakatwa upya kuwa vidogo. Ndipo wapagazi walipoondoka Bagamoyo, Novemba 1874, wakafika Ziwa Victoria Februari 1875. Mashua ikalizunguka ziwa lile kwa siku 57, ikavunjwa tena, ikachukuliwa mabegani hata Ujiji. Huko ilifanyiwa matengenezo makubwa kabla ya kuingia majini. Wala si ajabu, kwani kila kiungo ni mlango wa maji, na ubao mwembamba uliopigwa jua miezi mingi hupasuka.

Mtumbwi Meofu haukuwa na mambo hayo. Ulichongwa kwa mti mmoja mkubwa sana uliomea katika milima ya Ugoma, ng'ambo ya magharibi ya ziwa. Gogo moja halina kiungo wala msumari wa kulegea. Likigonga jiwe hukwaruzika, pale ambapo ubao mwembamba ungetoboka. Lakini yatupasa kuzitaja na aibu zake. Mtumbwi wa gogo ni mzito kusukumwa, tena hauna mkuku wa kuushika maji, kwa hiyo upepo wa ubavuni huupeleka upande. Mtu aupandaye bila kuzoea, akasimama ghafula, aweza kuwatosa wenziwe wote.

Basi fikirini majira ya safari yenyewe. Juni na Julai ni miezi ya kiangazi, na upepo wa kusini huvuma kwa nguvu ziwani. Stanley alianza kwa kushuka pwani ya mashariki kuelekea kusini, yaani kinyume cha upepo, kisha akapanda kwa pwani ya magharibi. Mashua nyepesi huinuka juu ya wimbi. Gogo hulipasua, na maji humwagika ndani. Vyombo viwili vikifuatana, mwendo ni wa yule aliye mzito. Walirudi Ujiji tarehe 31 Julai, baada ya siku 51 na maili 810. Ukigawanya utapata kama maili 16 kwa siku, pamoja na siku za kukaa. Huo si mwendo wa kudharauliwa.

Hukumu yetu ni hii. Kwa kusafiri upesi na kuchungulia kila ghuba, mashua ilikuwa bora. Kwa mwenyeji wa ziwa, mwenye shehena ya chumvi au samaki, ambaye hana fundi wa Teddington wa kumwita, mtumbwi ulikuwa bora, maana ukiharibika, shoka na tezo vyatosha kuutengeneza.

Stanley mwenyewe alikuja kulishuhudia jambo hili. Mwaka 1877, alipokuwa akishuka mto Kongo, maporomoko yalimpotezea vyombo. Akaangusha miti mikubwa msituni akachonga mitumbwi mipya. Hakuna aliyeweza kumpatia Lady Alice ya pili. Lakini mtu asidhani kwamba mtumbwi haudhuru. Katika maporomoko hayo hayo kijana Kalulu alizama Machi 1877 pamoja na mtumbwi alioupanda, na Frank Pocock akafa maji mwezi Juni, naye pia alikuwa mtumbwini. Maji yaendayo kasi hayachagui chombo.

Mwisho wa Julai 1877, mwaka mmoja baada ya kurudi Ujiji, walifika maporomoko ya Isangila, nao wakaazimu kuuacha mto na kwenda kwa miguu mpaka Boma. Jua lilipokuwa likitua, watu waliinyanyua Lady Alice kwa mara ya mwisho, wakaipandisha juu ya miamba kando ya maporomoko, wakaiacha huko ioze.