Uji Pekee Hautoshi: Kumchangamsha Mtoto Aliyedumaa

Kliniki zetu za mkoba hufanyika vijijini, mara nyingi chini ya miembe iliyo kando ya njia ya zamani ya misafara, ile iliyotoka Tabora kwenda Ujiji. Siku moja mama alinijia na mtoto wa mwaka mmoja na nusu, aliyetoka wodini kwa utapiamlo. Kilo zilikuwa zimepanda. Lakini mtoto hakucheka, wala hakunyoosha mkono nilipompa kijiko. Nikamwuliza mama huwa anacheza naye saa ngapi. Akajibu, "Sista, huyu alikuwa mgonjwa. Tunamwacha apumzike."

Sikuweza kumlaumu. Kwa miaka mingi mimi mwenyewe nilipima uzito, nikajaza kadi, nikahimiza uji wa lishe, basi. Suala la kuongea na mtoto sikuligusa.

Udumavu si jambo la watu wachache. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 hapa Tanzania wamedumaa. Anayedumaa hukosa kimo, na mara nyingi huchelewa pia kusema na kuelewa masomo. Je, hali hiyo yaweza kurekebishwa?

Mwaka 1986 huko Kingston, Jamaika, Daktari Sally Grantham-McGregor na wenzake walianza kuwafuatilia watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa miezi 9 hadi 24. Baadhi walipewa kilo 1 ya maziwa ya unga kila wiki. Wengine walitembelewa nyumbani saa moja kila wiki, kwa miaka 2. Wengine walipata yote mawili, na wengine hawakupata lolote kati ya hayo. Waliowatembelea hawakuwa walimu, bali wahudumu wa afya wa mitaani. Walikuja na vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa mkono, wakacheza na mtoto pamoja na mama yake, wakamwachia mama aendelee. Watoto hao walipofikia umri wa miaka 22 hivi, waliotembelewa walikuwa wakipata kipato kikubwa kwa asilimia 25 kuliko wasiotembelewa. Maziwa peke yake hayakuacha alama hiyo. Isieleweke kwamba chakula hakina kazi. Mwenye njaa hachezi.

Hapa kwetu, msimu wa tumbaku mama yuko shambani, baba yuko kwenye mabani, na mdogo ameachwa na dada wa miaka minane. Basi huyo dada ndiye mwalimu wa kwanza. Mwonyesheni cha kufanya: amwite mtoto kwa jina, amtaje pua na sikio, afiche kijiko chini ya kitambaa mtoto akitafute. Semeni naye Kinyamwezi kama ndicho cha nyumbani. Atakayekijua vizuri hatashindwa Kiswahili. Gunzi lililovishwa kitambaa ni mwanasesere mzuri, na vikombe vya plastiki hupangwa na kubomolewa. Vizibo vya soda na mbegu msimpe mdogo, kwani tumeshawahi kuvitoa kooni.

Wengine husema shule ya awali itamfundisha. Sera ya elimu ya mwaka 2014 iliufanya mwaka mmoja wa awali kuwa wa lazima kabla ya darasa la kwanza, nalo ni jambo jema. Ila kufikia miaka 2 ubongo wa mtoto umeshafika karibu nne ya tano ya ukubwa wa ule wa mtu mzima. Msisubiri kengele ya shule. Na akifika huko, mzazi amweleze mwalimu kwamba mtoto huyu alidumaa, asiketishwe nyuma akiimba herufi tu. Apewe vijiti ahesabu kwa mikono yake.

Mleteni hospitalini mtoto ambaye hajakaa bila kushikiliwa akifikisha miezi 9, hajatembea akivuka miezi 18, au hageuki akiitwa. Aliyepona homa ya uti wa mgongo apimwe masikio hata kama anaonekana mzima, maana ugonjwa huo huweza kuondoa usikivu, na nyumbani wakadhani ni mkaidi.