PEREGE WA ZIWA RUTAMBA: UMMA JIRANI NASI



Surat Al-An'am, aya ya 38, inatufunza kuwa wanyama na ndege nao ni umma kama sisi. Sisi wa Kilwa tumezoea samaki wa baharini. Leo tumtazame wa maji baridi: perege wa maziwa ya Rutamba, Nambawala na Mitupa, mkoani kwetu Lindi.

Malezi yake
Dume huchimba shimo la duara chini ya maji na kulilinda. Jike hutaga humo, kisha huyaokota mayai na kuyaatamia kinywani mwake. Muda wote huo hali, au hula kidogo mno. Vifaranga wakishaanza kuogelea, wakiona hatari hukimbilia tena kinywani mwa mama. Subhanallah! Samaki wengi hutaga mayai maelfu na kuyaacha. Perege hutaga machache akayalea. Kwa hiyo anayevua jike mwenye mayai amevua na watoto wake.

Asili yake
Kati ya mwaka 2013 na 2016 wataalamu walimtambua katika maziwa haya perege wa aina ya Korogwe, anayepatikana pia Mto Zigi na bwawa la Mlingano, Tanga. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulikadiria kuwa wa kwetu na wa Tanga walitengana miaka 140,000 hivi iliyopita. Basi hakuletwa juzi na mtu. Ni wa hapa.

Hatari inayomkabili
Sato si mwenyeji wa maziwa haya, ameingizwa. Ni mkubwa kuliko perege huyu, na huzaliana naye. Utafiti huo uliwakuta machotara katika maziwa yote matatu. Mchanganyiko ukiendelea, perege halisi atatoweka, na hakuna soko la kumnunua tena.

Wajibu wetu
Kufuga sato ni riziki ya halali. Lakini tusimwage vifaranga wake ziwani wala mtoni, na bwawa lichimbwe mbali na mkondo unaoingia ziwani. Viumbe hivi ni amana, na amana huulizwa.

Maswali
1. Jike la perege huatamia wapi mayai yake?
2. Kwa nini sato ni hatari kwa perege wa Rutamba?
3. Mfugaji afanye nini ili alinde ziwa?