SOMO LA UFUNDI: FENI YA HITA ISIPOZUNGUKA KATIKA GARI LA ZAMANI



Wengi watauliza: hapa Afungi, kwenye joto hili la pwani, hita ya nini? Swali ni la haki. Lakini Land Rover Series III, iliyotengenezwa kati ya 1971 na 1985, na Land Cruiser nyingi za umri huo hazina kiyoyozi. Feni ya hita ndiyo inayopuliza hewa kwenye kioo cha mbele. Mvua za Desemba hadi Aprili zikinyesha, abiria wamebanana na madirisha yamefungwa, kioo huingia ukungu, na dereva haoni mtu wala mbuzi. Tena kuna faida ya pili. Injini ikianza kuchemsha kwenye mchanga, fungua hita yote na uwashe feni kwa kasi. Sehemu ya joto la maji ya injini itatokea ndani ya gari. Mtatoka jasho sana, lakini mnaweza kufika mahali salama pa kusimama.

Baada ya shambulio la Palma la Machi 24, 2021, wengi wetu tulikimbilia Quitunda, na magari yakabaki tulipoyaacha. Gari lililokaa miezi mingi bila kuwashwa, karibu na bahari, huharibika kimyakimya: panya hula waya, na chumvi hula vyuma. Ndiyo maana somo hili limeandikwa kwa ajili ya vijana wanaojifunza ufundi na kwa wenye chapa.

Kwanza tahadhari. Kuna mafundi ambao feni ikigoma huvuta waya mmoja kutoka betri hadi kwenye mota, bila fyuzi. Feni inazunguka, mwenye gari anafurahi, analipa. Waya huo ukichubuka na kugusa bodi, betri husukuma umeme mwingi mno, waya huwa mwekundu na plastiki yake hushika moto. Fikiria hayo katika gari lenye watoto na galoni za petroli chini ya viti. Fundi akikufanyia hivyo, mwambie aweke fyuzi karibu na betri, au usimlipe.

Sasa tufuate njia ya umeme. Unatoka betri, unapita swichi ya ufunguo, kisha fyuzi, kisha swichi ya feni, unaingia kwenye mota, halafu unarudi betri kwa kupitia bodi ya gari. Njia ikikatika popote, hata upande wa kurudi, feni husimama. Usinunue mota nyingine kabla ya kuikagua njia hii yote. Kuagiza mota Pemba au Mtwara ni gharama kubwa, na mara nyingi mota ni nzima.

Testa unaweza kuitengeneza mwenyewe. Chukua balbu ndogo ya volti 12, ya taa ya nyuma, uiunganishe na waya mbili. Waya mmoja ufunge kwenye hasi ya betri, na wa pili ndio utakaogusia. Lakini angalia: Land Rover nyingine za kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 zilifungwa kinyume, chanya ndiyo iliyo kwenye bodi. Kwa gari la namna hiyo, funga testa kwenye chanya.

Fungua ufunguo, washa feni, na usiuchomoe waya wa mota. Watu wengi hupotea hapa. Kiungo kilichooza bado hupitisha umeme mdogo wa kuwasha balbu, lakini hakiwezi kubeba umeme wa feni. Ukipima waya uliochomolewa utadhani ni mzima. Gusa pande zote mbili za fyuzi, kisha swichi, kisha waya unaoingia kwenye mota. Mahali taa inapozima au kufifia, ubovu uko kati ya hapo na pale ulipogusa mwisho.

Taa ikiwaka vizuri hadi kwenye mota na feni haizunguki, kagua njia ya kurudi. Chukua waya mnene, unganisha waya wa ethi wa mota na ethi ya betri. Feni ikifufuka, umepata jibu. Kwa Land Rover hili ni jambo la kawaida, kwa sababu mabati yake ni ya alumini na bolti ni za chuma. Vyuma viwili tofauti vikikutana na chumvi ya bahari huliwa pale vinapogusana. Fungua bolti, piga msasa mpaka ing'ae, funga tena na upake grisi juu.

Feni ikizunguka kwa kasi kubwa tu na kugoma kwa kasi ndogo, katika magari mengi risista ndiyo iliyoungua. Mota si mbovu.

Fyuzi ikiungua kila mara, usiweke kubwa zaidi, wala karatasi ya sigara. Chomoa waya wa mota na ujaribu fyuzi mpya ya kipimo kilekile. Isipoungua, mota imekwama au ina shoti ndani: zungusha feni kwa mkono uone kama ni nzito. Ikiungua tena, waya umechubuka, na hasa pale unapopita tundu la ukuta wa injini ambalo raba yake imeoza. Ili usimalize fyuzi, weka balbu ya taa kubwa mahali pa fyuzi. Ikiwaka kwa nguvu, shoti ipo. Tikisa waya polepole kuanzia mwanzo. Balbu ikififia ghafla, mkono wako uko karibu na ubovu.

Kuhusu fyuzi za kioo, soma hapa mara mbili. Fyuzi za zamani za Kiingereza za Lucas zilizoandikwa 35 huungua kwa ampia 35, lakini mzigo wake wa kudumu ni ampia 17 tu. Fyuzi nyingine za kioo, zikiwemo nyingi za Kijapani, huandikwa mzigo wa kudumu. Ukitoa ya Lucas ya 35 na kuweka ya Kijapani ya 35, umeongeza karibu mara mbili, na waya ndio utakaoungua badala ya fyuzi. Weka 15.

Katika magari ya Kiingereza waya wa kijani hutoka kwenye fyuzi baada ya ufunguo, wa kahawia hutoka betri bila fyuzi, na mweusi ni ethi. Waya wa kijani hulisha pia taa za breki na indiketa. Kwa hiyo shoti ya feni inaweza kukuzimia taa za breki bila wewe kujua. Toyota zina rangi nyingine, usizikisie, pima.

Ukimaliza, washa feni kwa dakika kumi injini ikiwa inanguruma, kisha shika waya, swichi na fyuzi kwa vidole. Vuguvugu si neno. Kikiwa cha moto kiasi cha kukufanya utoe mkono, zima, na uanze tena kwenye kiungo hicho.